Feni ya Hita na Kiti cha Baba Mkwe

Gari letu lilikuwa na jiko ndani. Ndivyo watu wa mlimani walivyosema, na hawakudanganya sana. Chini ya dashibodi, upande wa abiria, palikuwa na kisanduku cheusi cha bati, ukubwa wa sufuria ya ugali wa familia. Maji ya moto ya injini yalipita ndani yake kwa mipira miwili, na nyuma ya mipira palikuwa na feni. Ukivuta kitufe, feni inazunguka, inasukuma upepo kwenye yale maji ya moto, na upepo unatoka umepashwa. Nusu unakwenda miguuni, nusu unapanda kwenye kioo cha mbele. Wenyewe waliita hita.

Mzungu mwenye shamba la kahawa chini yetu ndiye aliyelileta gari kwa meli kutoka kwao. Akalitumia, akachoka na nchi yetu, akauza kila kitu hadi mbwa. Baba mkwe akanunua gari. Lilikuwa la boksi, yaani mbele kiti cha dereva na kiti cha abiria, nyuma pakavu patupu pa mizigo, bila ukuta katikati. Alilinunua kwa kahawa yake na kahawa ya mwanawe, ambaye ni mume wangu, na kahawa hiyo niliichuma mimi kwa vidole hivi, ingawa siku ya kununua hakuna aliyenitaja.

Mume wangu alijua kuendesha. Waingereza walimchukua na vijana wengine kwenda kupigana Burma, wakamfanya dereva wa lori. Akarudi na koti zito, leseni, na goti la kulia lisilokunjika mpaka mwisho. Kukanyaga mafuta aliweza. Kupiga magoti hakuweza, hata kanisani alikuwa anasimama wenzake wakipiga magoti, na wasiomjua walimwona ana kiburi.

Mtu wa nchi ya joto atacheka akisikia gari la Tanganyika lina hita. Aje kwetu mwezi wa saba. Ukungu unashuka kutoka juu ya Meru unakaa kwenye migomba, mtu hamwoni jirani yake mpaka saa nne. Ng'ombe wanatoa moshi puani. Ukiingiza watu watano waliolowa manyunyu ndani ya gari lile, wakapumua, wakaongea, kioo kinatoka jasho kwa ndani, na dereva haoni hata boneti yake mwenyewe. Waipa inafuta nje. Ndani inafuta nini? Ndani ilifuta hita. Kioo kilikuwa kinakauka kuanzia chini kwenda juu, polepole, mpaka barabara inatokea yote.

Sasa niseme gari lile lilikuwa nini kwangu. Kabla yake, ndizi zilishuka mlimani kichwani mwa wanawake. Mkungu mzima, alfajiri, njia ya utelezi, mpaka sokoni Arusha, na siku nyingine tulipita mji tukaenda mpaka Ngaramtoni kwa sababu wafugaji wa kule hawana migomba na wanapenda ndizi. Mimba yangu ya kwanza iliharibikia njiani, nikiwa na mkungu kichwani, karibu na Kijenge. Nililala kwenye majani kando ya barabara mpaka mwenzangu mmoja akaninyanyua. Sikusema sana wakati ule na sitasema sana sasa. Mwaka gari lilipokuja nilipata mimba nyingine, nikazaa salama. Na wakati wa mambo ninayoyaandika nilikuwa na nyingine tena, changa, anayeijua ni mama mkwe peke yake. Kwa hiyo mtu akiniambia gari lilikuwa la fahari ya wanaume, namtazama tu.

Hita ilikufa katika wiki ya baridi kali kuliko zote. Mume wangu alivuta kitufe, feni ikalia kwa sauti nyembamba kama paka aliyebanwa mlangoni, ikanyamaza. Kesho yake tulikuwa tunashuka na ndizi, baba mkwe amekaa kwenye kiti chake cha mbele, mimi na wanawake wengine nyuma juu ya mikungu. Kioo kikajaa ukungu. Mume wangu anafuta kwa kitambaa kwa mkono mmoja, anashika usukani kwa mwingine. Akafuta palipo mbele yake, upande wa baba yake hakufika. Gurudumu la upande huo likaingia kwenye mfereji wa maji ya mashamba, gari likalala ubavu, na paji la uso la baba mkwe likapiga kioo.

Hakuumia sana. Ilitoka damu ya kutosha kumtia aibu, basi. Lakini wakati amesimama kando ya mfereji amejifunga blanketi lake, akapita mchinjaji mmoja wa Ngaramtoni aliyekuwa amepanda huku kwetu kutafuta ng'ombe. Mtu mnene, koti la mvua la mpira, kofia.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Naona mmesimama kuosha magurudumu."

"Marahaba," akajibu baba mkwe, bila kumtazama.

"Gari zuri. Ila naona ni kipofu. Niuzie mimi, mzee. Mimi nabeba mbuzi, na mbuzi hawadai kuona njia."

Wanaume waliokuja kutusukuma wakacheka. Sijui kama wasingecheka mambo yangekuwa vingine. Baba mkwe alifuta damu kwa pembe ya blanketi, akasema, "Njoo siku ya soko lenu, asubuhi. Uje na dereva wako."

Ikaisha hivyo. Mzee wetu akitamka mbele ya watu, ametamka. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye matope na mkungu ulioponyoka mikononi, nikahesabu kichwani ni miezi mingapi imebaki kabla ya kuzaa na ni safari ngapi za sokoni zimo ndani ya miezi hiyo.

Siku iliyofuata mume wangu alishusha ndizi mjini, mimi nikiwa nyuma, baba mkwe amebaki nyumbani anauguza paji lake. Tulipita kwa fundi Singasinga aliyekuwa na karakana karibu na soko. Tulimkuta chini ya lori, viatu tu vinaonekana.

"Fundi, hita yangu imekufa," akasema mume wangu.

"Mipira yake inapata moto?" viatu vikauliza.

"Inapata."

"Basi ni feni. Kama ni mota, mpya mpaka iagizwe Ulaya." Akatoka chini ya lori, akajifuta mikono. Kilemba chake kilikuwa safi kuliko kitambaa chochote kilichokuwemo mle. "Niachie gari, nitafungua wiki ijayo. Huu ni msimu wa kahawa, unaona malori."

"Wiki ijayo gari si letu."

Yule fundi akamtazama, akatazama gari, akanitazama mimi niliyekaa juu ya magunia matupu. Alikuwa na haraka lakini hakuwa mtu mbaya. "Basi fungua mwenyewe," akasema. "Ng'oa waya wa mota, uipelekee moto wa betri moja kwa moja. Ikikaa kimya kabisa, imeungua, usijisumbue. Ikiguna bila kuzunguka, mota ni nzima, kuna kitu kimeishika."

Mume wangu akashukuru. Tukaingia kwenye gari, na kabla ya kuondoka akabadilisha fyuzi iliyoungua, akavuta kile kitufe, kama mtu anayeugusa mguu wa maiti kuona kama kweli amekufa. Kisanduku kikaguna kidogo. Halafu ikaja harufu.

"Umesikia? Waya inaungua," akasema, akakirudisha kitufe haraka.

"Hiyo si waya," nikasema.

"Wewe unajua harufu ya waya?"

"Sijui ya waya. Najua ya jani la mgomba. Hilo ni jani kavu la mgomba limeshika moto bila kuwaka."

Akageuka kunitazama. "Mama watoto, jani la mgomba liende kufanya nini ndani ya hita?"

"Mimi nawasha moto kwa majani hayo kila alfajiri tangu nilipokuja kwenu. Moshi wake nimeumeza kuliko chai. Nakuambia ni jani."

"Labda ni hayo magunia yako."

"Magunia yananuka kahawa. Vuta tena."

Hakutaka kuvuta tena. Lakini nilimwona njia nzima anapanua pua.

Kazi ilikuwa baba mkwe. Alikataa katakata gari kufunguliwa. Alisema mtu akinunua ng'ombe hamkuti ameshapasuliwa. Na hata kama angekubali, palikuwa na ugumu mwingine. Ile hita ilikuwa chini kabisa, miguuni pa abiria. Kuifungua ni kupiga magoti na kuingiza kichwa chini ya dashibodi, na goti la mume wangu nimeshaeleza. Ningefungua mimi. Lakini kwetu mke wa kijana hazoeani na baba mkwe. Humsemeshi ana kwa ana. Humpiti karibu. Hugusi anapokalia. Kiti kile cha mbele kilikuwa chake, kimechukua umbo la makalio yake, na mimi tangu gari linunuliwe sikuwahi kukiwekea hata kidole. Siku ambazo hakusafiri alikikalia mama mkwe, akienda kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa. Mimi nilikaa na ndizi.

Mume wangu akaenda kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa anakoroga loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando. Alimsikiliza mpaka mwisho, akalamba mwiko, akasema, "Ng'oeni kiti."

"Kiti gani?"

"Cha baba yako. Kimefungwa na nini, si misumari?"

"Ni bolti, mama."

"Zing'oe. Kitoke nje, akikalie huko huko nje. Kiti kikiwa nje, ndani ya gari hapana tena pahala pake, na mkeo hajagusa kitu. Na kuhusu kumpasua ng'ombe, niachie mimi."

Alichomwambia mzee mle ndani sijui mpaka leo. Nilisikia sauti yake tu, haikupanda, ilikuwa inakwenda vilevile kama mashine ya kusaga. Jioni ile, jua bado lipo, mume wangu alifungua bolti kwa spana, akakibeba kiti, akakiweka uwanjani kati ya kahawa na zizi la ng'ombe. Baba mkwe akatoka na blanketi lake na bandeji yake kwenye paji, akakikalia, akatupa mgongo. Ameketi kwenye kiti cha gari katikati ya uwanja, kama anaendeshwa kwenda mahali na kahawa zetu. Jirani mmoja akapita, akaamkia, akauliza mzee anasafiri wapi.

"Nasubiri gari," akasema baba mkwe.

Mimi nilijifunga kanga mbili, nikaingia. Mume wangu akasimama mlangoni na bisibisi na plaizi, ananielekeza. Skrubu za chini zilikuwa nyepesi. Za juu zilishikwa na kutu, nikazimwagia mafuta ya taa, nikazipiga piga kwa mpini wa kisu, nikazibembeleza, nikazitukana.

"Mwambieni huyo aliyeko chini," akasema baba mkwe kwa mgongo wake, "gari ni la watu, asiseme maneno ya kilabuni ndani yake."

"Amesikia, mzee," akajibu mama mkwe. Akainama kwenye mlango, akaninong'oneza, "Tukana polepole."

Kifuniko kikaanguka. Nyuma yake palikuwa na feni, gurudumu dogo la bati lenye mapezi mengi membamba. Na kwenye ekseli yake, kati ya mapezi na mota, palikuwa na kitu kimejizungusha mara nyingi, kikakaza, kama kamba kwenye shingo ya mbuzi. Rangi ya kahawia. Upande mmoja umeungua. Nikakikata kwa ncha ya kisu, nikavuta, nikatoa utepe mrefu, nikamwekea mume wangu kiganjani.

Alinusa. "Jani la mgomba," akasema.

"Nilikuwa nakwambia nini?"

Nikaendelea kuvuta. Ziliendelea kutoka, nyuzi kwa nyuzi, na mwisho, kutoka kwenye bomba linaloingiza upepo wa nje, nikatoa kitu kizima. Majani makavu yaliyosokotwa, yakakunjwa, yakasokotwa tena kurudi nyuma, ncha imefichwa ndani. Nilijua ni kizibo. Na nilijua ni cha nani, kwa sababu wanawake wa boma letu tulikuwa tunasokota vizibo vya vibuyu vya maziwa kwenda kulia, na mmoja tu alikuwa anasokota kwenda kushoto. Nikakaa nacho mkononi chini ya dashibodi. Nikafikiri nikifiche ndani ya kanga. Mama mkwe aliniuguza mimi ile mara ya Kijenge, alinilisha kwa mkono wake. Singemwaibisha mbele ya mumewe.

"Mbona kimya huko?" akauliza. "Umepata nini? Lete nione."

"Uchafu tu, mama."

"Lete."

Nikampa. Akakigeuza geuza. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Hiki ni changu," akasema. "Palikuwa na tundu hapo chini linapiga upepo wa baridi kwenye miguu yangu, siku ya mkutano. Nikaliziba kama tunavyoziba ukuta." Halafu akageukia uwanjani, akapaza sauti. "Mzee, aliyekupasua paji ni mimi. Niliziba pua ya gari lako na kizibo cha maziwa."

Baba mkwe hakugeuka. Tuliona mabega yake yanatikisika chini ya blanketi, na kwa muda hatukujua ni hasira au nini, mpaka alipokohoa na kujifuta macho. "Tundu la kuvutia upepo," akasema. "Mmeliziba. Na mimi nikadhani ni mchawi."

Mume wangu alivuta waya, akaipeleka kwenye betri. Mota ikaguna, ikazunguka kwa shida. Ilikuwa kavu, kutu imeanza. Mafuta ya injini yaliyobaki yalikuwa meusi na mchanga ndani. Mama mkwe akaleta samli yake, ile nzuri ya kuwawekea wageni, akaiyeyusha motoni, nikaidondosha kwenye ekseli kwa unyoya wa kuku. Feni ikazunguka kama pia ya watoto. Mama mkwe akaweka uso wake kwenye upepo ule, akafumba macho. Tulirudisha kila kitu, tukarudisha na kiti, tukala tumeshiba furaha.

Asubuhi, siku moja kabla ya mchinjaji kuja, baba mkwe akapanda mbele ajionee. Ukungu ulikuwa mzito. Injini ikawashwa, ikapata moto, mume wangu akavuta kitufe. Kisanduku kikaguna, basi. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeigandisha samli ikawa ngumu kama nta ya mshumaa.

Baba mkwe akashuka. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimejaribu kusikiliza wanawake," akasema. "Kesho mwenye mbuzi anakuja. Achukue."

Nilikuwa nimesimama kwenye zizi na ndoo. Mume wangu alikuwa ametazama chini. Nikaona kama asiposema mtu sasa hivi, hakuna atakayesema. Kumsemesha siwezi. Lakini ndama alikuwa karibu yangu, na ndama si baba mkwe wa mtu.

"Wewe ndama," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "mwambie mwenye boma hili mota ni nzima. Kilichoishika ni samli. Leo nitaiosha kwa mafuta ya taa, nitaweka mafuta ya cherehani, ambayo hayagandi, kwa sababu mwanamke anayeshona majoho ya kwaya anashona asubuhi kwenye baridi hii hii na cherehani yake haijagoma hata siku moja. Na mwambie sina shingo ya kubeba mikungu mwaka huu. Mkewe anajua kwa nini."

Mume wangu alininyanyulia macho, ndipo alipojua na yeye. Baba mkwe alimtazama yule ndama muda mrefu, kana kwamba kweli anategemea amjibu.

"Ndama," akasema mwishowe, "mwambie aliyekutuma kiti kimeshajua njia ya kutoka. Kitoke tena."

Nilishuka kwa mshonaji ndani ya ukungu nikiwa karibu nakimbia. Alinipa kikopo chake, kile chenye mdomo mrefu kama wa ndege, akaniambia nikikimaliza nisirudi kwake na maneno. Safari hii nilifungua peke yangu, mume wangu hakusema neno lolote la kunielekeza. Nilitoa feni nzima, nikaiosha kwenye karai la mafuta ya taa mpaka samli yote ikatoka, nikapangusa ekseli kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikaweka matone ya mafuta ya cherehani mbele na nyuma. Pale kwenye tundu la upepo nikafunga kipande cha wavu wa kuchujia kahawa, upepo upite, majani yasipite. Kisha nikafunga, na gari tukaliacha nje kwenye baridi makusudi. Nilitaka lipigwe.

Mchinjaji alifika asubuhi na dereva wake, koti lile lile. Manyunyu yalikuwa yanashuka. Mikungu yangu ilikuwa imeshapakiwa.

"Mzee, mbona umelipakia gari langu ndizi?" akauliza.

"Panda nyuma," akasema baba mkwe. "Wote wawili. Tunashuka mpaka barabara kuu. Mwanangu akifuta kioo kwa mkono hata mara moja, gari ni lako."

Tukapanda. Nyuma tulikuwa mimi, mama mkwe, mchinjaji, dereva wake, na wanawake wawili waliolowa mpaka mifupani. Kioo kikawa cheupe kabla hatujatoka getini. Mume wangu alingoja injini ipate moto, akavuta kitufe.

Ilianza kama pumzi. Halafu ikashika, sauti nene, iliyonyooka. Chini ya kioo ikatokea alama nyembamba kama ukucha. Ikakua. Nilikuwa nimeshika ubao wa gari, mpaka jioni vidole viliniuma.

Mchinjaji akaanza kusimulia habari ya ng'ombe wake, ndefu, anatoa pumzi nyingi kuelekea mbele, "haa" na "hoo" kila neno. Mama mkwe akamtazama.

"Bwana," akamwambia, "unapumua kama ng'ombe anayepanda mlima. Hicho kioo hukiwezi. Umechelewa, ungekuja jana."

Tulipofika kwenye mfereji, pale pale tulipolala ubavu, ng'ombe wa watu walitokea ghafla kwenye ukungu, wanavuka njia. Kioo kilikuwa kikavu mpaka juu. Mume wangu akasimamisha gari taratibu, kama anasimamisha kwa ajili ya bibi arusi, na ng'ombe wakapita mbele yetu mmoja mmoja.

"Umewaona?" akauliza baba mkwe bila kugeuka.

"Nimewaona," akasema mchinjaji. "Hata yule mwenye pembe moja." Akavua kofia, akaipukuta. "Mzee, naongeza bei. Kwa hita hiyo naongeza."

"Gari haliuzwi."

"Ulitamka mbele ya watu."

"Nilitamka naliuza gari kipofu. Hilo silo. Lile halipo tena." Akajiweka vizuri kwenye kiti chake, akanyoosha miguu kwenye upepo wa moto. "Lakini hatukuachi njiani. Tunakwenda sokoni kwenu. Kaa hapo hapo."

Tukashuka mpaka barabara kuu, tukapita mji mzima, tukashika njia ya Nairobi. Nyuma kulikuwa na baridi kidogo, sikatai, moto wa hita haukufika sana kwetu. Mimi sikuisikia. Nilikuwa nasikiliza feni. Kila gari lilipoingia shimoni nilitega sikio, na kila mara ilikuwa bado inakwenda. Tulipokaribia, mchinjaji akaniuliza kama ni kweli ni mimi niliyeifungua.

"Ni mimi."

"Ulisoma wapi kazi hiyo?"

"Jikoni," nikamwambia.

Ngaramtoni ilikuwa imejaa, wafugaji na mashuka yao, mbuzi wanalia, moshi wa nyama umeanza. Gari likasimama mbele ya bucha yake. Yule bwana akashuka, akatia mkono mfukoni, akauliza nauli ni nini. Baba mkwe akatazama mbele, kwenye kioo, akazungumza na kioo.

"Nauli ni mikungu," akasema. "Wewe na dereva wako mtaishusha. Mtaipeleka pale anapouzia yeye."

Mchinjaji alicheka, akadhani ni mzaha, akaona si mzaha. Akavua koti la mpira, akampa mtu wa bucha. Nikamchagulia mkungu mkubwa kuliko yote, akauweka begani, akanung'unika kwamba una maji. Dereva wake akachukua wa pili. Nami nikashuka garini, nikajifunga kanga yangu vizuri, nikatangulia katikati ya soko mikono mitupu, nawaonyesha pa kuiweka.